Viota vya kunguru Kalemie: kabla ya kuokota jiwe, mji ujue ni kunguru gani

Kila mwaka kiangazi kinapokaribia kuisha, wakaaji wa Kalemie wanaona jambo lile lile. Kunguru wanapita wawili wawili juu ya manyumba, mmoja na kijiti mdomoni, mwingine na kipande cha waya ao kamba ya wavu uliochakaa. Wanaelekea kwenye muembe mkubwa, kwenye mchikichi, kwenye antene ya simu ao kwenye pilone ya umeme. Hapo wanajenga. Na hapo pia mabishano yanaanza. Mwenye kuku anataka kiota kiangushwe mara moja. Watoto wanatafuta mawe. Jirani anaogopa kurant itakatika. Mzee wa mtaa anasema ndege waachwe, hawakuanza leo.

Mabishano haya si ya Kalemie peke yake. Mombasa, Malindi, Dar es Salaam na Zanzibar wamekuwa nayo miaka mingi, tena kwa ukali zaidi. Mwezi wa Juni 2024, shirika la serkali ya Kenya linalosimamia wanyama wa pori, KWS, lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja kwenye pwani ya inchi ile mpaka mwisho wa mwaka. Habari hiyo ilizunguka kwenye matelefone mpaka upande huu wa ziwa, na wengi waliisikia hivi: kunguru ni adui, hata serkali zinawaua.

Ila kunguru wa Mombasa si kunguru wa Kalemie. Ni ndege wawili tofauti. Kuwachanganya kunaleta hatari mbili: ya kwanza ni kumuua bure ndege ambaye mji umeishi naye siku zote, ya pili ni kushindwa kumtambua yule mwingine kama siku moja atashuka bandarini.

Kunguru wawili, si mmoja

Kunguru anayeonekana kila siku Kalemie, Moba, Nyunzu na Kabalo ni yule mweusi mwenye kifua cheupe na mkanda mweupe unaozunguka shingo. Ni ndege wa Afrika. Anapatikana karibu inchi zote za kusini ya Sahara, na Madagascar pia. Ni mkubwa, ana mdomo mnene, na urefu wake unakaribia nusu metre.

Kunguru anayesumbua pwani ya bahari anaitwa kunguru wa India, na wengine wanamwita kunguru wa Zanzibar. Ni mdogo kidogo na mwembamba. Hana kitu cheupe hata kimoja. Uso na mabawa ni meusi, lakini shingo na kifua ni vya rangi ya majivu. Huyu kwao ni India, Pakistan, Sri Lanka na inchi za jirani. Anaishi mahali penye watu tu, na chakula chake kikubwa ni mabaki ya watu. Mahali pasipo na mji, kijiji ao bandari, hakai.

Njia ya kuwatofautisha ni rahisi, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza: kifua cheupe ni mwenyeji, kifua cha majivu ni mgeni.

Wanajenga wapi, na kwa nini pale

Kunguru wa kifua cheupe anatafuta mahali parefu penye kuona mbali. Kwa desturi ni kwenye mti mrefu, karibu na kilele, penye matawi yaliyogawanyika kama kiganja. Pale ambapo miti mirefu imekatwa kwa makala na mbao, anatafuta kitu kinachofanana na mti: poto la umeme, pilone, antene, ao mnara. Njo maana viota vinaonekana juu ya vyuma kuliko zamani. Mahali mti ulipoondoka, chuma kimechukua nafasi yake.

Dume na jike wanajenga pamoja. Nje wanaweka vijiti vikubwa, wakati mwingine na waya. Ndani wanatandika vitu laini: manyoya, nywele, sufu, vitambaa vya zamani, majani makavu. Kiota kinakuwa kama bakuli kubwa, na kikikamilika kinaonekana toka mbali. Jozi moja inashika eneo lake na kulilinda. Kunguru wengine wakikaribia wanafukuzwa, hata mwewe anafukuzwa. Kwa hiyo hata kama jalalani wanaonekana kunguru makumi, wenye viota ni wachache. Wengi wa wale wa jalalani ni vijana ambao bado hawana mwenzi wala eneo.

Kiota kikiachwa, mara nyingi ndege wengine wanakitumia. Kuna aina za kozi ambazo hazijengi kabisa, zinangoja kiota cha zamani cha kunguru.

Kunguru wa India anajenga tofauti. Hataki mbali na watu. Anajenga kwenye muembe wa uani, kwenye mkungu wa barabarani, kwenye taa za njia, hata kwenye nyumba. Anaweza kuvumilia jirani, na viota kadhaa vinaweza kuwa kwenye mti mmoja. Usiku wanalala pamoja kwa mamia na maelfu. Njo sababu wanaweza kujaza mji kwa miaka michache, wakati kunguru wa kifua cheupe hawezi, kwa kuwa yeye mwenyewe anafukuza wenzake.

Toka yai mpaka kuruka

Jike la kunguru wa kifua cheupe linataga kwa kawaida mayai manne ao matano, ya kijani hafifu yenye madoa ya kahawia. Linaatamia kwa siku 18 ao 19. Dume linaleta chakula. Mayai hayatotolewi siku moja, kwa sababu jike linaanza kuatamia kabla ya kumaliza kutaga. Kwa hiyo kiota kinakuwa na kinda mkubwa na kinda mdogo. Chakula kikiwa kingi, wote wanakua. Chakula kikipungua, mdogo anakufa kwanza.

Makinda wanakaa kiotani karibu wiki tano ao sita. Wakitoka, hawajui bado kujitafutia. Wanafuata wazazi na kupiga kelele ya kuomba, wiki nyingi. Huu njo wakati ambapo wazazi wanakuwa wakali, wanamshukia mbwa, paka, hata mtu anayepita chini ya mti. Watu wengi wanafikiri kunguru ameingiwa na shetani. Hapana, ana watoto chini kwenye majani.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kunguru naye anaibiwa. Kuna ndege mmoja wa jamii ya kekeo, mwenye mkia mrefu na madoa meupe mgongoni, ambaye hajengi kiota chake. Anangoja jozi ya kunguru isogee kidogo, anataga yai lake kati ya mayai yao. Kunguru anamlea mtoto huyo pamoja na wake mpaka anaruka. Basi anayeangusha kiota cha kunguru anaweza kuwa anaua makinda ya ndege wawili tofauti.

Kwa kunguru wa India mambo yanakwenda mbio zaidi. Mayai ni matatu mpaka matano, kuatamia ni siku 16 ao 17, na makinda wanatoka kiotani kati ya wiki tatu na nne. Huko kwao India kuna ndege mwingine wa jamii hiyo ya kekeo anayetaga kwenye viota vyake na kumpunguzia uzazi. Afrika ndege huyo hayupo. Mgeni amekuja bila mwizi wake.

Kuku, ndakala na kurant

Malalamiko ya wakaaji yana msingi. Kunguru wa kifua cheupe anakula karibu kila kitu: panzi, funza, panya, matunda, nafaka, nyamafu, mayai ya ndege wengine na vifaranga vya kuku. Mama anayeanika ndakala kwenye mchanga wa ziwa anajua kwamba akigeuka dakika mbili, amepoteza. Mwenye kuku wachache, ambaye alitegemea vifaranga kumi vimlipie karo ya mtoto, akipoteza vinne haoni kama ni jambo dogo.

Lakini kuna upande wa pili wa hesabu. Kunguru yule yule anaokota matumbo ya samaki yaliyotupwa ufukweni, panya waliokufa kwenye mitaro, wadudu wanaokula shamba la mahindi ya jirani. Katika mji ambapo takataka zinarundikwa pembeni ya njia na mitaro inaziba, ndege huyu anafanya kazi ambayo hakuna mtu anayelipwa kuifanya. Hakuna aliyepima franka ngapi anaharibu na ngapi anaokoa, lakini anayehesabu upande mmoja tu amekosea hesabu.

Kuhusu umeme, tatizo ni la kweli pia. Kiota chenye waya kikilowa mvua, ao waya ukigusa nyaya mbili, kurant inaweza kukatika, na ndege mwenyewe kuungua. Inchi kama Afrika ya Kusini zina tatizo hilo kwenye mistari mirefu ya umeme. Kwa mji unaotegemea umeme wa Bendera unaotoka mbali, kila hitilafu ya mstari inasikika hospitalini, kwenye vinu na kwenye mafriji ya samaki. Ila anayepanda poto na fimbo kuangusha kiota anatafuta kifo. Kazi hiyo ni ya mafundi wa SNEL, na inafanywa vizuri mapema, wakati vijiti ni vichache na mayai bado. Kiota kikiangushwa wakati huo jozi itahama ao itaanza tena. Kama inaanza tena pale pale, fundi anaweza kufunika mahali nyaya zinapokaribiana, jambo ambalo makampuni ya umeme ya inchi nyingine yamelifanya.

Pwani ilifikaje pale

Kunguru wa India hakuruka mwenyewe toka Bombay. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asafishe takataka za mji. Wazo lilikuwa rahisi: mji ni mchafu, ndege huyu anakula uchafu, basi aletwe. Aliongezeka, akavuka bahari. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo yuko karibu pwani yote ya Kenya na Tanzania.

Matokeo yanajulikana. Ndege wadogo wanaojenga mjini na karibu ya mji, kama kwera na chozi, wanapoteza mayai na makinda. Mahoteli yanalalamika kwa sababu kunguru wanashuka kwenye sahani za wageni. Wafugaji wadogo wanapoteza vifaranga. Na kunguru wa kifua cheupe, mwenyeji, amefukuzwa ao amepungua sana katika miji ile ya pwani ambapo mgeni amejaa.

Hapo njo penye somo kubwa kwa Kalemie. Mwenyeji, kwa kulinda eneo lake, ni sehemu ya ulinzi wa mji. Mji unaowaua kunguru wake wa kifua cheupe unaacha nafasi na chakula bila mwenyewe.

Njia ya kufika Tanganyika

Je, mgeni anaweza kufika huku? Ramani inajibu. Kunguru wa India ameonekana tayari Morogoro na Dodoma, mbali kabisa na bahari. Anafuata barabara, reli na miji, kwa sababu ndiko kuna chakula. Reli ya kati ya Tanzania, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni karibu kilomita 1,250 toka Dar es Salaam. Toka Kigoma mpaka Kalemie kwa maji haifiki kilomita 150, na meli na mashua zenye mizigo zinavuka kila wakati. Toka bandari ya Kalemie reli nyingine, iliyomalizika mwaka 1915, inaingia ndani mpaka Kabalo.

Ndege huyu anajulikana dunia nzima kwa kusafiri na meli. Njo namna alivyofika bandari nyingi za Ghuba, za Bahari Nyekundu na hata Uholanzi, ambako wachache walitokea bandarini miaka ya 1990, wakazaa, na serkali ikaamua baadaye kuwaondoa.

Hii haimaanishi kwamba atafika mwaka huu ao mwaka kesho. Kati ya Dodoma na Kigoma kuna nafasi kubwa yenye watu wachache. Ila njia ipo, na kila mji unaokua kando ya reli unaifanya kuwa fupi.

Kuua kunasaidia?

Uzoefu wa pwani unaonyesha mambo mawili. La kwanza: kuua peke yake hakutoshi. Zanzibar na pwani ya Kenya zilishatumia sumu maalum ya kunguru miaka zaidi ya 20 iliyopita. Idadi ilishuka sana. Kazi iliposimama, ndege walirudi, kwa sababu wachache waliobaki walikuta chakula kingi na viota bila upinzani. Mpango wa Kenya wa 2024 ulirudi kwenye sumu ile ile. Na Singapore, ambayo imepigana na kunguru huyu miaka mingi, haikutegemea bunduki tu. Iliondoa viota, ikafunga pubeli, ikabana wanaotupa chakula ovyo.

La pili: wakati wa kushinda ni mwanzoni. Kwenye kisiwa cha Socotra, Yemen, kunguru wachache wa India walifika miaka ya 1990. Watu wa kule hawakungoja wawe maelfu. Vijana walipewa zawadi ndogo kwa kila kinda waliyetoa kiotani, na hivyo uzazi ulizuiwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2009 wa mwisho waliondolewa. Kazi iliyofanikiwa ilifanyika kwenye viota, na iliwezekana kwa sababu ndege walikuwa bado wanahesabika.

Kuna onyo moja hapa. Sumu ya Kenya inatumiwa na watu waliofundishwa, kwa ruhusa. Mtu wa Kalemie akisikia habari hiyo asichukue dawa ya shamba na kuichanganya na bukari ao matumbo ya samaki. Dawa hizo zinaua kuku wa jirani, mbwa, mwewe, na mtoto anayeokota. Kenya yenyewe imepata shida ya ndege waliouawa kwa dawa ya shamba na kisha kuuzwa kama nyama. Hasara ya vifaranga vinne haiwezi kulipwa kwa namna hiyo.

Kalemie ifanye nini

Kwa mwenye kuku, dawa ya bei ndogo ni kufungia vifaranga wiki zao za kwanza nne mpaka sita chini ya kitunga kikubwa, wavu wa zamani wa kuvulia, ao kibanda cha matete. Muda huo njo kunguru anakuwa na makinda wa kulisha na anatafuta zaidi. Kwa mama wa ndakala, wavu uliotandikwa juu ya vitanda vya kuanikia unafanya kazi kuliko mtoto mwenye fimbo, na tena unazuia mchanga na kuku.

Kwa chifu wa mtaa, kazi ni kuzuia watoto wasipande pilone na antene, na kupeleka habari ya kiota kibaya kwa mafundi kabla ya mvua kuanza.

Kwa meya na wakubwa wa mji, jibu liko kwenye takataka. Jalala la wazi linalisha makinda. Jozi ambayo ingekuza wawili, ikiwa na jalala karibu inaweza kukuza wanne. Mtu akiua kunguru kumi na jalala likabaki, kumi wengine watakuja. Jalala likifunikwa, na matumbo ya samaki yakafukiwa ao kupelekwa shambani, idadi itashuka yenyewe bila jiwe wala sumu. Kazi hiyo ingesaidia pia kwa kipindupindu na mitaro inayoziba, mambo ambayo Kalemie inayajua vizuri sana.

Kwa watu wa bandari, mabaharia na wachuuzi wanaovuka Kigoma, kazi ni macho. Ndege mweusi mwenye shingo ya majivu, anayeshuka toka kwenye meli ao anayezunguka kwenye maghala, apigwe picha na habari ifike kwa wahusika wa mazingira wa jimbo siku ile ile. Sheria ya Kongo namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu kulinda mazingira ya asili inagusa pia suala la viumbe wa kigeni wanaoingia inchini, kwa hiyo wakubwa hawakosi msingi wa kufanya kazi. Wawili wanaonekana leo, ni kazi ya asubuhi moja. Wakiachwa miaka kumi, Kalemie itakuwa inaomba sumu kama Mombasa.

Kwa wale wa kifua cheupe wanaobeba vijiti siku hizi juu ya mitaa, hakuna sababu ya kuwaondoa mahali ambapo hawagusi nyaya. Watataga, watapiga kelele wiki chache, na mwenye vifaranga atavifungia mpaka makinda yao yatoke. Kazi kubwa iliyobaki ni ile ya jalala, na hiyo haimngoji kunguru.